Simu za Siku ya Sabato

Simu kwa mzee Ilyau iliita mpaka ikakatika. Bulor akawapigia na wazee wengine watatu. Hakuna aliyepokea.

Tangu vita viingie Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, na Wayahudi wengi wapande ndege kuhama, Bulor, mshonaji mjane, ndiye aliyebaki akiwapikia wazee wa sinagogi wasio na ndugu. Wiki hii barabara zilipochafuka kwa mapigano, aliacha kuwatembelea, akawa anawapigia simu kila asubuhi. Leo ilikuwa Jumamosi. Kupiga simu siku ya Sabato ni kuivunja, lakini uhai wa mtu hutangulia. Kwa hilo hakusita.

Akajitanda shali, akatoka kwenda kwa Ilyau, aliyekuwa karibu zaidi.

Penye kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki alimsimamisha.

“Shangazi, wapi?”

“Kwa mgonjwa.”

“Lafudhi yako siyo ya hapa. Wewe wa upande gani?”

“Wa mgonjwa.”

Wenzake wakaangua kicheko. “Mwache apite, bibi ana mdomo huyo!”

Alipita bila kugeuka nyuma.

Kwa Ilyau alibisha, kimya. “Ami, ni mimi, Bulor!” Ndani kabati likaburutwa, mlango ukafunguka kidogo. Uso wa mzee ulikuwa umesawijika.

“Wameipata namba yangu, mwanangu. Wamepiga asubuhi nzima.”

“Kina nani?”

“Hao wenye bunduki! Myahudi gani angepiga simu Sabato?”

Bulor akaegemea ukuta. “Ni mimi, Ami.”

“Wewe? Binti wa Pinkhas? Umevunja Sabato uje kunitoa roho?”

“Nilidhani umeshauawa! Ungekufa umeikodolea macho simu?”

Wale watatu nao walikuwa hai, pengine, wamejifungia na kutetemeka kwa sababu yake. Alikusudia wema, lakini alikuwa amejirahisishia kazi bila kufikiri simu itaingiaje katika nyumba yenye hofu. Na mmoja wao, Frekho, alikuwa na ugonjwa wa moyo.

Risasi zikalia upande wa sokoni, huko huko kwa Frekho.

“Kaa hapa,” Ilyau akamshika shali. “Mpigie tena.”

“Nimpigie tena, Ami?”

Mzee akaangalia chini, akaiachia shali. Bulor akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta, kwenda kwa Frekho.