Ufa Uliojificha Ndani ya Joto

Siku yangu ya kwanza gerejini Arua sikushika spana. Foromani, mzee aliyejifunza ufundi na Kiswahili chake jeshini, alinikalisha juu ya tairi na kuniamuru nisikilize injini mpaka jioni. Nilikuwa nimetoka sekondari, nikadhani ananidharau. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Hatukuwa na kompyuta ya kuchomeka kwenye gari. Tulikuwa na masikio, vidole na pua.

Yeye ndiye aliyenieleza manifodi ya hewa, lile bomba la aluminiamu lenye matawi linalopeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kila silinda. Likipasuka, injini hunyonya hewa isiyopimwa. Sisi tuliiita hewa ya wizi. Gari hutetemeka, hukohoa, huzima.

Miguu yangu haikai mahali pamoja. Arua iliponichosha niliomba kuhamia tawi letu la Koboko, chini ya Msimamizi aliyependa gari liingie na kutoka haraka. Huko nilimkuta Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge, na gari dogo kuukuu aliloachiwa na marehemu mumewe. Bila gari hilo asingefikisha mizigo yake kwenye magulio ya mbali. Kila asubuhi lilimzimikia njiani. Msimamizi alilipima zaidi ya mara moja, akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini ni ya kutupa. Mama akakubali shingo upande kuliuza kama chuma chakavu. Mnunuzi angekuja mchana huohuo.

Nilimuuliza Mama huwa analileta saa ngapi. Akasema akitoka gulio la Lobule, baada ya soko. Hapo nikaliona kosa letu. Magari yote ya Koboko tuliyapokea yakiwa yamechemka kutoka barabarani, tukayapima vivyo hivyo kwa sababu mengine yanangoja. Lakini aluminiamu ikipata moto hutanuka, na ufa mwembamba hujifunga, hewa ya wizi isigundulike na lawama iangukie ringi. Nikafungua boneti, nikaomba gari lipoe kabisa.

Mnunuzi akafika na kamba yake ya kuvutia.

“Fundi, unangoja gari ipoe kama chai?”

“Ndiyo, mzee.”

“Hiyo iko chai ya matanga.”

Watu wakacheka. Msimamizi akaninong'oneza nisimpotezee mtu muda. Mama Furaha, aliyekuwa amekalia robota la vitenge, hakuinuka.

“Mimi nilingoja bwana yangu arudi kutoka Bunia mpaka mutoto akaota meno,” akamwambia mnunuzi. “Wewe injini tu inakushinda?”

Chuma kilipopoa niliwasha. Gari likatetemeka vilevile kama linavyomfanyia Mama kila asubuhi. Nikamimina maji ya sabuni taratibu kwenye maungio, kisha chini ya kila tawi la manifodi. Chini ya tawi la mwisho, mahali jicho halifiki, povu likamezwa. Maji yalipouziba ufa injini ikatulia kidogo, halafu ikarudia kutetemeka.

Msimamizi aliinama karibu yangu. “Rudia,” akasema. Nikarudia. Povu likamezwa tena. Alisimama, akafuta mikono, akamgeukia mnunuzi.

“Kunja kamba yako. Hii gari iko hai.”

Vijana mnaosoma haya, msikimbilie gundi. Hapo pana moto na mtikisiko, nayo hubanduka. Tulifungua manifodi, tukatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee kutambaa, tukauchimba kwa tupa, tukamtafuta mchomeleaji anayeijua aluminiamu. Kisha tuliusugua uso wa manifodi unaokaa kwenye injini kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo hadi ukawa sawa, tukaweka gasketi mpya, tukakaza bolti kuanzia katikati kuelekea pembeni.

Mgongo umenistaafisha kabla ya uzee. Sasa natembea tu, leo Arua, kesho Koboko, na bado nasimama barabarani kusikiliza magari ya watu. Nimejifunza kwamba kifaa kikuukuu hakifi upesi kama mafundi wanavyosema. Nikipita Lobule asubuhi kabla soko halijachangamka, Mama Furaha haniamkii kwanza. Ananiashiria kwa mkono ninyamaze, anaingia garini, anawasha. Likishanguruma bila kukohoa, ndipo anateremka na kuniuliza habari za nyumbani.