Tundu la Paa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Rulenge, Afisa Kilimo wa Wilaya alitazama viatu vyangu akacheka. "Bwana shamba, viatu vya chuoni havitaziweza njia za Mabawe. Na maneno ya chuoni vilevile." Viatu havikumaliza masika. Hilo la maneno nililielewa karibu nastaafu, vilipoletwa vitalu nyumba.

Kitalu nyumba, wanangu, ni banda la nguzo lililofunikwa nailoni angavu ili nyanya zisinyeshewe, maana majani yakilowa, ugonjwa wa bakajani haukawii. Lakini nailoni peke yake ni bure. Banda linataka paa lililoinuka, wavu pembeni, na tundu refu kileleni, hewa ya moto ipate pa kutokea. Bila tundu, joto la mchana huharibu chavua na maua yakapukutika; usiku nailoni hutoa jasho likadondokea majani. Ugonjwa uliofungiwa nje unazaliwa ndani.

Niliona mapema jina lingetuponza. Nikamwambia mkuu wa mradi ulioleta vitalu hivyo, "Tuwaambie watu ni banda, si nyumba."

"Jina limetoka juu," akasema. "Wewe jenga."

Katika kijiji cha Murukulazo, Mama Domina, mjane, alikata migomba aliyoachiwa na mkwewe ili tupate kiwanja. Nikajenga, nikaacha tundu, nikaeleza kazi yake. Kisha nikahamishiwa Biharamulo. Niliporudi kuwatembelea, tundu lilikuwa limezibwa kwa turubai, limeshonwa vizuri, kazi ya mtu anayependa kwake. Maua yote yalikuwa chini.

"Shikamoo, mama. Nani ameziba?"

"Marahaba. Mimi. Nyumba gani ina tundu kichwani, mvua inaingia? Hata mkuu wako alipita hapa akasifu, akasema safi, haivuji."

Nilichukua kisu nikaanza kufumua turubai. Tulilifungua tundu siku ileile, lakini bakajani ilikuwa imeshamaliza mashina.

Wastaafu wenzangu hupenda kuwapa vijana matumaini. Mimi sina. Biharamulo nako nilijenga, nako wakaziba, na nguzo zile mtaziona zimesimama tupu.

Juzi nilimkuta Mama Domina sokoni Rulenge, ananunua ndizi. Kwetu kila kaya hula ndizi za migomba yake; mama mwenye kaya akinunua ndizi, huhitaji kumuuliza ya kwake. Lakini mdomo una mazoea. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani.

"Nyumba ipo, bwana shamba," akajibu, akijitwika kapu. "Haivuji."