Kulipia Kitabu kwa Mdomo

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizosherehekea katika mji huu wa Lubumbashi. Hapakuwa na pilau wala nguo mpya. Palikuwa na cherehani, kitabu cha picha chenye jalada lililochanika pembeni, na baba yangu amekaa kwenye benchi, kofia magotini, akingoja kusikia kama binti yake anaupoteza ujana wake bure au la.

Nakueleza leo kwa sababu jana ulinionyesha simu yako. Wewe na wenzako mna kikundi cha kupeana maoni juu ya vitabu mlivyosoma, nami nilifurahi sana, mpaka nilipoanza kuyasoma hayo maoni yenyewe. Huyu kaandika "Top", yule kaweka mioyo na moto, na wewe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe, umenakili maneno ya nyuma ya kitabu ukabadilisha mawili matatu. Usinune. Mimi nilifanya hayo hayo nikiwa na umri wako, tena mbele ya watu na kwa sauti kubwa.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Hewa Bora, mimi na baba peke yetu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Njiani kwetu palikuwa na fundi wa nguo, Papa Ramazani, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Mbele alishona, na nyuma yake, kwenye rafu iliyokuwa ya vitambaa, alipanga vitabu: hadithi nene za watu wazima, nyembamba za vijana, na vile vya watoto vyenye picha kubwa. Alivipata huku na huko, vingi kwa wateja waliohama mji. Alimwazima yeyote aliyeomba, bila pesa na bila kuandika jina.

Ila Jumamosi mchana, ukirudisha kitabu, ulikilipia kwa mdomo. Ulisimama kati ya meza ya kukatia na mlango, ukasema kimekufanya nini ulipokisoma, na wote waliokuwemo walikusikia: wasomaji, akina mama waliokuja kupimwa, hata mtu aliyeingia kuulizia zipu. Ukisema tu kwamba ni kizuri, hukupewa kingine. Mzee alisema hilo neno hata ambaye hakufungua kitabu analo.

Na wakati ukisema, yeye hakuacha kushona. Mguu kwenye pedali, macho kwenye kitambaa, cherehani inalia. Lakini ukisema jambo lililomwingia, mguu ulitulia na cherehani ikanyamaza. Basi sisi vijana hatukuhangaikia makofi. Tulitaka cherehani inyamaze. Wapo waliomaliza rafu nzima wakilipa kila Jumamosi, na haikuwahi kuwanyamazia.

Kulikuwa na kijana mmoja, Trésor, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyevilipia vitabu kwa Kifaransa kirefu kama njia ya Likasi. Siku moja akiwa katikati ya sentensi zake cherehani ilisimama, na tangu hapo tukaamini kwamba siri ni kile Kifaransa na ile sauti. Baadaye nilikuja kusikia kwamba uzi ulikuwa umekatika.

Lakini wakati ule sikujua. Nikachukua riwaya nene, nikaisoma nusu, nikachoka nayo, na Jumamosi ilipofika nikasimama nikamwaga maneno ya Trésor kama yalivyo. Nilipoona cherehani inaendelea, nikapaza sauti. Ikaendelea. Nikapaza tena, hadi mama mmoja akafunika masikio ya mtoto wake. Papa Ramazani alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno, akanitazama juu ya miwani.

"Chanda, ile ni mudomo ya Trésor, utamurudishia. Sasa weye, kile kitabu kilikufanya nini?"

Nilifungua ile riwaya, ikafunguka katikati, pale nilipoishia. Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini unajua jinsi kicheko kinavyouma ukiwa kijana. Halafu mzee akavuta kwenye rafu kitabu cha watoto wadogo, chenye picha kurasa nzima na maneno machache chini.

"Kamata iki," akaniambia. "Usome na macho yako."

Mwanangu, nilijiona nimetukanwa. Msichana mkubwa kama mimi, nimebakiza mwaka mmoja nimalize shule, napewa kitabu cha mtoto anayejifunza kuvaa viatu. Nilikificha ndani ya kitambaa njia nzima nisionekane nacho, na nilipofika nikakitupa kitandani.

Mabaya hayakuishia hapo. Baba alikuwa amerudi siku ile kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, alikokwenda kila mara kuchukua samaki wakavu wa kuuza. Alikuta sufuria imeungua, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nikikariri maneno ya Trésor nikasahau moto. Hakupiga kelele. Baba hakuwa mtu wa kelele, na tangu mama afariki hakuwa mtu wa maneno kabisa. Tulikula, tukalala, tukaamka, na kitenge cha mama, kikwembe kama tunavyosema huku, kilining'inia nyuma ya mlango pale pale alipokiacha. Hakuna aliyekigusa, hakuna aliyekitaja. Mimi nilikimbilia vitabu ili nisione ule mlango. Baba aliona kitu kimoja tu, kwamba binti yake hamtazami tena usoni.

Aliketi kwenye kigoda akasema, "Chanda, nilishachoka kuongea na kitabu. Jumamosi nitakuya mule kwa fundi, nisikie mwenyewe. Kama iko kintu, utabakia na masomo yako. Kama ni bure, utaenda kwa tantine yako Kasenga, ukauzishe naye samaki."

Shangazi yangu alikuwa mtu mwema, na samaki ni kazi ya heshima, ndiyo iliyonilea. Lakini mimi nilitaka shule. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu miezi iliyobaki. Na shule yangu yote sasa ilikuwa imewekwa juu ya kitabu kimoja cha watoto.

Nikakifungua. Hadithi yenyewe ni ndogo. Babu mmoja ana mwavuli wa manjano. Kila siku anakwenda sokoni na mjukuu wake, mvua au jua, mwavuli uko juu yao. Wananunua, wanasalimia watu, wanarudi. Kisha unafungua ukurasa, na pale hakuna neno hata moja. Mwavuli umetundikwa kwenye msumari, na nje ya dirisha mvua inanyesha.

Ni hivyo tu. Hakuna jeneza, hakuna mtu anayelia. Nilikaa na ule ukurasa hadi mwanga ukapungua chumbani. Halafu nikafungua unaofuata, na yule mtoto amevaa mabuti mapya mekundu, anaruka kwenye madimbwi, anacheka, na kitabu kimeisha. Nilikasirika, mwanangu. Sikuwahi kukasirikia kitabu. Nilikifunga kwa nguvu, nikakifungua tena, nikakasirika upya, na ndipo nilipojua kwamba sasa nina kitu cha kusema.

Jumamosi ile karakana ilijaa. Baba aliketi kwenye benchi na harufu yake ya samaki, na akina mama wakasogea kidogo kwa adabu. Trésor alikuwa karibu na dirisha. Papa Ramazani alikuwa akishona gauni la bibi harusi, jeupe, limemfunika magoti yote. Nilisimama, na safari hii sikupaza sauti. Nilimwangalia baba yangu.

"Mi sikupenda mwisho ya iki kitabu," nikasema. "Babu amekufa. Hawasemi, mais parapli iko ku musumari, na inje mvula inanyesha. Ile page nilikaa nayo sana. Kwetu kikwembe ya mama iko nyuma ya mulango, na hatuisemaka. Halafu nafungua, naona mutoto anacheka na bottes ya mupya. Iki kitabu kiliogopa kubakia na ile mvula."

Sikusikia cherehani iliponyamaza. Niliona tu midomo ya watu imetulia, kisha nikasikia gari likipita barabarani, na nikashangaa kwamba naweza kulisikia. Mguu wa Papa Ramazani ulikuwa umetulia juu ya pedali. Hakugusa uzi, na uzi ulikuwa mzima, nilihakikisha.

Lakini hukumu haikuwa yake. Baba aliweka kofia yake kwenye benchi, akanyoosha mkono. "Lete nione."

Alikipokea kitabu kwa vidole vyake vikubwa, akaacha alama ya mafuta kwenye jalada. Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni, ila maneno pale yalikuwa machache na picha zilikuwa nyingi. Akafungua ukurasa mmoja mmoja. Alipofika kwenye mwavuli alisimama. Kisha akainuka, kitabu kwapani, akasema atakwenda nacho nyumbani, na jibu langu atalitoa Jumamosi nyingine.

"Utaenda nacho, Mwape," Papa Ramazani akamwambia, "mais utakilipa sawa bantu yote."

Wiki ile, mwanangu, sikulala vizuri. Baba alikiangalia kile kitabu jioni kando ya mbabula, jiko letu la makaa, kikisubiri chakula pamoja naye. Alikwenda nacho Kasenga kwenye lori na kurudi nacho, kimefungwa ndani ya shati lake safi. Mara moja tu nilimwona amesimama mbele ya ule mlango, anakitazama kitenge.

Jumamosi ikafika, na muuza samaki ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu ila kutaja bei, akasimama kati ya meza ya kukatia na mlango. Cherehani ilinyamaza kabla hajafungua kinywa.

"Mutoto wangu alisema muzuri," akaanza. "Mais mi sikubali."

Akafungua ukurasa wa sokoni, akauzungusha ili kila mtu aone. Chini ya kwapa la babu, upande wa pili wa mwavuli, palichorwa kifurushi kidogo cha karatasi. Mimi nilikipita bila kukiona.

"Iyi ni bottes," akasema baba. "Babu njo alimuletea, mbele ya kufa. Ule mutoto haiko anacheka juu amesahau. Anacheka juu babu yake amefika."

Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na ile kikwembe ku mulango, ni mi njo nilikatala kuitosha, nikaiacha pale."

Nilitaka kulia, na nilifurahi kiasi kwamba sikujua nianze na lipi. Basi nikafanya kitu cha tatu. Nilisahau adabu yote niliyofundishwa, nikakitazama kile kifurushi, nikasema mbele ya umati ule, "Papa, ule ni mukate."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Baba akasema mkate gani una pembe namna ile. Nikamwambia babu anatoka sokoni, atakosaje mkate. Mama mmoja akaacha kupimwa akaja kuangalia, akaapa ni mabuti. Trésor, Mungu ambariki, akaja upande wangu, tena kwa Kiswahili. Hata mtu wa zipu alikuwa na maoni. Papa Ramazani alivua miwani akaifuta, na hakushona tena siku ile, na nasikia bibi harusi alilipata gauni lake waimbaji wakiwa wamekwisha kuanza.

Tuliondoka tukibishana, mimi na baba yangu, ambao mwaka mzima hatukuwa na la kuambiana. Tulibishana mpaka tukapita mlango wetu bila kuuona, ikabidi turudi. Pale mlangoni akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Kasenga utaenda mu vacances, masomo ikifungwa, kusalimia tantine." Kisha akaingia, akakiondoa kitenge msumarini, akakikung'uta vumbi, akanipa. Papa Ramazani alinishonea gauni. Ndilo lile unaloliona kwenye picha yangu ya kumaliza shule, na ukitazama vizuri utaona nimeinua kidevu kuliko ilivyohitajika.

Haya basi, mwanangu, nikuambie wazi ninachotaka uchukue. Ukimaliza kitabu, usiulize wenzako wamesema nini kabla hujajiuliza kimekufanya nini wewe. Kama kimekukasirisha, sema kilipokukasirisha. Kama kimekuchosha, kirudishe bila aibu na useme kimekuchosha ukurasa gani. Usidharau kitabu kwa sababu kina picha na maneno machache, maana mimi shule yangu iliokolewa na ukurasa usio na neno. Hakuna haja ya kupaza sauti. Na mtu akikupinga, usimfute kwenye kikundi. Msogelee, mfungue naye ukurasa, kwa kuwa anayebishana nawe juu ya kitabu amekaa nacho, na amekaa nawe pia.

Futa yale maneno uliyonakili. Andika mistari miwili yako, hata kama mingine yote itabaki mioyo na moto.

Mungu akupe macho yako mwenyewe na mdomo usioogopa. Akupe watu wa kukunyamazishia cherehani zao unaposema. Akukutanishe na wa kubishana nawe kwa upendo mpaka mpite mlango wenu bila kuuona. Na ukienda Ruashi Jumapili kumsalimia babu yako Mwape, umpelekee samaki, ungoje ale ashibe, kisha umwambie kwamba mimi, binti yake, bado nasema ule ulikuwa mkate.