Dua Iliyosomwa Milola

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya muhuri katika ofisi moja mjini Lindi. Mbele yangu walisimama binti na baba yake, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, wametoka Milola. Binti alikuwa ameitwa kuanza kazi ya ukarani. Akairudisha barua ya ajira mezani kwa karani.

"Siitaki, dada. Naendelea na kitalu changu cha mikorosho."

Karani alizitazama kucha za binti zilizojaa udongo, kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Hebu zungumza na mwanao. Wenzake wanaililia nafasi hii."

"Marahaba." Mzee aliyakodolea macho mafaili yaliyorundikwa hadi dirishani. "Kijijini tumeshamsomea dua ya kupata kazi. Pilau imeliwa. Watu nitawaambia nini?"

Binti akainamisha kichwa.

"Hapa angefanya nini hasa?" mzee akauliza.

"Anapokea barua, anagonga muhuri, anazipanga."

"Zikishapangwa?"

"Zinasubiri."

Mzee akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Miche yake mwaka jana ilishika yote, hata ile niliyoicheka mimi. Basi. Tulimwomba Mungu ampe kazi, hatukumtajia ofisi. Twende mama, miche haijanyweshwa."

Binti alishusha pumzi hadi nikaisikia. Nami, niliyewahi kukaa miaka mitatu kwenye kazi niliyoichukia kwa kuwa mama alishawatangazia majirani, nikasogea mezani nikiwa mwepesi kama niliyeruhusiwa mimi. Karani akaipokea barua yangu, akaipanga.

Hadi leo inasubiri.