Neno la Fundi Mchina

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikianza kuungua sufuriani, mpaka leo mimi hutoka nje. Harufu ile hunirudisha machimboni Nyarugusu, uani kwetu, alipokuwa akila fundi Mchina wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Baba alimfundisha Kiingereza, naye akalipenda neno moja: "finishi". Chai ikiisha, finishi. Dizeli ikiisha, finishi. Sisi watoto tulicheka mpaka tukagaagaa.

Siku duara, shimo la dhahabu alimochimba baba, lilipoporomoka, Mchina alikuja peke yake, amejaa vumbi.

"Shemeji, baba yao yuko wapi?" mama aliuliza.

 Nililisubiri lile neno. Mchina hakulisema. Alivua kofia, akaketi chini mchangani, kama alivyotuona tukiketi msibani.

Hakuna aliyekumbuka kuepua michembe iliyokuwa jikoni; ikaungua.