Kiti cha Mbele

Mume wangu na mume wa jirani yangu walitoka Bugarama pamoja kwenda vita vya Kongo. Wa jirani alirudishwa ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Wangu alirudi kwa miguu, na risasi iko nyongani hadi leo.

Kila siku ya kuwakumbuka wanajeshi, jirani huketishwa mbele, na Fanta yake hufunguliwa kwanza. Namtazama akiinywa polepole, roho inaniuma. Sisi husimama nyuma. Kosa la mume wangu ni kwamba hakufa.

Mwaka mmoja alichoka, akakalia jiwe. Kiongozi akasema, "Tusimame, tuwaheshimu waliotupigania."

Mume wangu akashika bega langu, akasimama, akainamisha kichwa.