Jumapili Nne za Mayai ya Kanga

Mwezi uliopita nilipita Ibighi, nikasikia kanga wakipiga kelele nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Miguu ikasimama yenyewe. Kijana mwenye duka akadhani mimi ni mteja, akanipeleka uani kunionyesha mashine yake ya kutotolesha. Kulikuwa na mayai ya kware, ya bata mzinga na ya kanga, kila aina kwenye trei yake, na taa inawaka.

“Hawa hawahitaji mama, dada,” akaniambia kwa fahari. “Umeme tu.”

Nikacheka ili nisilie. Ngoja nikusimulie, maana najua hutanihukumu kuliko ninavyojihukumu mwenyewe.

Nililelewa na bibi huko Masukulu. Babu alikuwa akipeleka ndizi Usangu, na safari moja akarudi na kanga wawili, dume na jike, ndani ya tenga. Majirani walimcheka sana. Kanga ni ndege wa nchi kame, na kwetu mvua inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kwenye kamba. Lakini wale wawili waliishi. Walilala juu ya mparachichi, na mgeni akiingia uani walimfokea kuliko mbwa. Babu alipofariki, bibi akawa anasema kwamba hao ndio waliobaki wakifoka kwa niaba yake. Kila asubuhi alitoka jikoni na bakuli la mahindi yaliyopondwa, akasimama kuwasikiliza kwanza, ndipo akawamwagia.

Kisha kicheche akawapata, wote wawili katika wiki moja. Tuliokota manyoya yenye madoa, na huko migombani tukakuta mayai kumi na moja. Hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Kuku wetu mwekundu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia. Bibi akamwondolea mayai yake yote, akamwekea yale ya kanga kwenye kikapu chenye majani makavu ya migomba, karibu na mafiga. Akaniambia tusubiri Jumapili nne, na nisithubutu kumsumbua. Yeye mwenyewe hakuinua hata bawa kutazama. Tukitoka kanisani alinionyesha kwa vidole Jumapili zilizobaki, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana.

Sasa mimi, mtoto wa miaka saba, nilimwonea huruma kuku. Atalea watoto wa wenzake, na wake tunataka kuwakaanga! Siku ileile, kabla kikaango hakijapata moto, nikaiba mayai yake mawili na kuyasukuma chini ya mbawa zake. Sikujua kwamba yai la kuku huanguliwa kwa wiki tatu, na la kanga kwa wiki nne.

Jumapili ya tatu tulirudi kutoka kanisani tumelowa, tukamkuta kuku nje, chini ya ukingo wa paa, akiwaparuria vifaranga wawili wa manjano. Kikapuni mayai kumi na moja yalikuwa yamepoa. Bibi alimrudisha kuku mara tatu, na mara tatu akaruka kuwafuata wanawe. Basi bibi akayafunga mayai ndani ya kitenge, akayavaa tumboni. Alipika nayo, akalala nayo ameketi. Wiki nzima hakugusa jembe.

Jumapili ya nne hakwenda kanisani. Alikaa jikoni akiyaweka sikioni, moja moja. Mwishowe akalipasua moja. Kifaranga alikuwa ametimia, ana mistari kichwani, na alikuwa amekufa.

Nikakiri nikilia. Akaniuliza kwa nini nilifanya vile, nikamwambia nilimwonea huruma kuku.

“Kuku ulimwonea huruma, mwisukulu, mjukuu wangu,” akasema polepole. “Na mimi je?”

Hakunipiga. Natamani angenipiga. Miaka yote aliyobaki nayo aliendelea kutoka asubuhi na bakuli lake, akasimama kidogo kuelekea mparachichini, kisha akawamwagia kuku.

Kijana wa Ibighi aliniuliza nataka vifaranga wangapi. Nikamjibu kwamba nilikuwa napita tu. Ningeweza kununua hata hamsini, wakafoka mpaka majirani wahame. Lakini mparachichi ulishakatwa, nyumba haina mtu, na aliyekuwa akiwasikiliza amelala migombani kando ya babu. Nilipofika hapo kaburini siku ileile, nilisikia mvua tu.